Tiba ya Umeme kwa Wagonjwa wa MS: Mguu Unasaidika, Uchovu Bado Una Maswali

Miongoni mwa dalili za ugonjwa wa maltipo sklerosisi, unaofahamika zaidi kwa kifupi cha MS, uchovu ni moja ya zile zinazowasumbua wagonjwa wengi zaidi, na ndiyo inayoaminiwa kwa shida na watu wa nyumbani. Mgonjwa hulala usiku kucha na kuamka akiwa amechoka kuliko alivyolala. Hufua nguo chache, mikono ikamwishia nguvu. Hana homa, hana jeraha, na kwa anayemtazama anaonekana mzima. Haishangazi kwamba wengi huitwa wavivu kabla ya kuitwa wagonjwa. Baadaye mguu mmoja huanza kuburuta, ncha ya kiatu ikakwaruza sakafu, na mtu akaanza kuanguka mahali pasipo na kikwazo. Hapo ndipo familia huanza kutafuta tiba kwa bidii, na mara nyingi kwa gharama.

Katika kutafuta huko, baadhi ya familia hukutana na tiba ya umeme. Vifaa vidogo vyenye betri, nyaya na vibandiko vya kuweka juu ya ngozi vinauzwa madukani na kupitia mitandao ya kijamii, vikinadiwa kuwa huamsha mishipa, huondoa uchovu na kumrejesha mgonjwa katika hali yake ya awali. Madai ya namna hiyo huchanganya mambo mawili ambayo sayansi imeyapa majibu tofauti. Kwa mguu unaoburuta, ipo aina ya tiba ya umeme iliyochunguzwa kwa miaka mingi na kuonekana kusaidia. Kwa uchovu wenyewe, ushahidi bado ni mchache na haujitoshelezi. Tofauti hiyo ina sababu zake, na anayezifahamu huwa katika nafasi nzuri zaidi ya kuamua kabla ya kutoa fedha.

Waya uliochubuka

MS ni ugonjwa wa mfumo wa kati wa fahamu, yaani ubongo, mishipa ya fahamu ya macho na ugwe mgongo uliomo ndani ya uti wa mgongo. Mfumo wa kinga ya mwili, ambao kazi yake ni kupambana na vimelea, hugeuka na kushambulia ala ya mafuta inayozifunika nyuzi za fahamu. Ala hiyo huitwa mayelini, na kazi yake inafanana na ile ya plastiki iliyovishwa waya wa umeme: huuwezesha ujumbe kusafiri kwa kasi bila kupotea njiani. Ikichubuka, ujumbe huchelewa, hupungua nguvu au hukatika kabisa. Mahali palipochubuka hubaki kovu gumu, na makovu hayo ndiyo yaliyoupa ugonjwa jina lake. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot, wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, ndiye aliyeueleza kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 1868.

Duniani kote inakadiriwa kuwa zaidi ya watu milioni 2.8 wanaishi na MS. Wengi hugundulika wakiwa na umri wa kati ya miaka 20 na 40, na wanawake ni wengi kuliko wanaume kwa takribani mara mbili au zaidi. Ugonjwa huu umeenea zaidi katika nchi za baridi zilizo mbali na ikweta. Katika Afrika Mashariki ni wa nadra, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuchelewa kutambuliwa, kwa kuwa kuuthibitisha kunahitaji daktari bingwa wa mfumo wa fahamu na kipimo cha MRI, huduma zinazopatikana zaidi katika hospitali kubwa za rufaa. Hauambukizi. Wala hautokani na kurogwa, jambo linalostahili kusemwa wazi kwa kuwa dalili zake zina tabia ya kuja na kuondoka, na tabia hiyo huwapa nguvu wanaodai kuwa wamemponya mgonjwa ambaye kwa kweli alikuwa katika kipindi cha nafuu ya kawaida ya ugonjwa.

Hadi sasa MS haina tiba ya kuiponya, lakini zipo dawa zinazopunguza mashambulizi mapya ya kinga ya mwili. Mwezi Julai 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza tatu kati ya dawa hizo, ambazo ni kladribini, glatirama na rituksimabu, katika orodha yake ya dawa muhimu. Dawa hizo huzuia uharibifu mpya; hazirejeshi nguvu ambayo mguu umekwisha kuipoteza. Kazi hiyo ni ya huduma za utengamao, na tiba ya umeme ni sehemu mojawapo ya huduma hizo.

Umeme unapochukua nafasi ya amri iliyopotea

Ili mtu atembee bila kujikwaa, ubongo hutuma ujumbe kila anapopiga hatua, ukiamuru misuli iliyo mbele ya muundi iinue wayo. Ujumbe huo hushuka kupitia ugwe mgongo, kisha hukabidhiwa kwa mshipa wa fahamu wa pembeni unaopita upande wa nje wa goti na kuingia katika misuli hiyo. Kwa mgonjwa wa MS uharibifu uko juu, kwenye ubongo au ugwe mgongo. Mshipa wa pembeni na misuli yenyewe kwa kawaida huwa vizima, vikisubiri amri isiyofika.

Kifaa cha kusisimua mguu hutoa amri hiyo kutoka karibu. Ni kisanduku kidogo chenye betri, kinachovaliwa kiunoni au chini ya goti, ambacho hutuma misukumo midogo ya umeme, takribani 40 kwa sekunde, kupitia vibandiko viwili vilivyowekwa juu ya ngozi ya mguu karibu na goti. Swichi ndogo ndani ya kiatu, chini ya kisigino, hukiongoza kifaa. Kisigino kikinyanyuka, mkondo huanza na wayo huinuka. Kisigino kikitua, mkondo hupungua na wayo hushuka taratibu. Mgonjwa huhisi mchomo mwepesi kama wa ganzi inayotoka, ambao wengi huuzoea baada ya siku chache.

Wazo hili si geni. Wladimir Liberson na wenzake nchini Marekani walilieleza mwaka 1961, wakilitumia kwa watu waliopooza upande mmoja baada ya kiharusi. Baadaye wataalamu wa hospitali ya wilaya ya Salisbury, kusini mwa Uingereza, walitengeneza kifaa kilichoenea sana katika huduma za afya za nchi hiyo, kwa wagonjwa wa kiharusi na wa MS. Mwezi Januari 2009, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, NICE, ilieleza kuwa ushahidi wa usalama wa tiba hiyo na wa kuboresha mwendo unatosha kuiruhusu itumike kwa watu ambao wayo wao umelegea kutokana na tatizo la ubongo au ugwe mgongo.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito mkubwa kwa msomaji wa Tanzania. Wayo uliolegea una sababu nyingi, na baadhi ya zinazojulikana sana katika ukanda huu hazitoki juu. Ukoma huharibu mshipa wa pembeni ulio kando ya goti. Sindano iliyochomwa vibaya kwenye tako inaweza kuujeruhi mshipa mkubwa unaoshuka mguuni. Polio huua seli zinazoitawala misuli. Katika hali zote hizo, njia ya mwisho ya kuifikia misuli ndiyo iliyoharibika, na kifaa hiki hutegemea njia hiyohiyo. Mtu aliyelegea wayo kwa sababu ya ukoma anaweza kununua kifaa kilekile kilichomsaidia mgonjwa wa MS, akakifunga kwa usahihi, na wayo usiinuke. Atadhani kifaa ni kibovu, ilhali kilichokosekana ni uchunguzi wa kujua sababu ya tatizo lake.

Nafuu yenye kipimo

Kiasi gani cha nafuu kinatarajiwa? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, ukiongozwa na mtafiti Linda Miller, ulikusanya tafiti 19 zenye jumla ya wagonjwa 490 wa MS. Ulionesha kuwa katika vipimo vya umbali mfupi, kasi ya kutembea huongezeka kwa wastani wa sentimita 5 kwa sekunde mgonjwa anapovaa kifaa kwa mara ya kwanza, na sentimita 8 kwa sekunde baada ya kukizoea. Tarakimu hizo ni ndogo. Kwa mtu anayetembea nusu mita kwa sekunde, sentimita 8 ni nyongeza ya takribani asilimia 16. Zinaweza kumsaidia kuvuka barabara, lakini hazimfanyi akimbie.

Pengine faida kubwa zaidi iko kwenye kuanguka. Katika utafiti wa Salisbury uliotolewa mwaka 2009, wagonjwa 44 ambao MS yao ilikuwa imeingia katika hatua ya kuzidi polepole waligawanywa katika makundi mawili kwa wiki 18: kundi moja lilipewa kifaa cha umeme, jingine likapewa mazoezi ya nyumbani yaliyopangwa na wataalamu wa fiziotherapia. Waliovaa kifaa waliripoti kuanguka mara 5 katika kipindi hicho, kwa kipimo cha mtu wa katikati ya kundi. Wenzao wa kundi la mazoezi waliripoti mara 18. Kwa mtu aliyewahi kuvunjika nyonga, tofauti hiyo haihitaji maelezo.

Utafiti huohuo, hata hivyo, una upande wa pili ambao watangazaji wa vifaa hawapendi kuutaja. Kundi la mazoezi lilipopimwa likitembea bila msaada wowote, kasi na umbali wake vilikuwa vimeongezeka. Kundi la kifaa lilitembea vizuri zaidi kifaa kikiwa kimewashwa. Kilipozimwa, mguu ulirudi ulikokuwa. Kifaa hiki, kwa maneno mengine, kinafanana na miwani: humsaidia mtu kuona akiwa ameivaa, lakini hakiponyi macho. Anayeambiwa kuwa vikao kumi vya umeme vitaurejesha mguu wake daima anauziwa kitu ambacho utafiti huo haukukionesha.

Upo pia ulinganisho mwingine wa muhimu. Nchini Scotland, wagonjwa 85 wa MS waligawanywa kwa kura, baadhi wakapewa kifaa cha umeme na wengine kifaa cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu na kuushikilia wayo usianguke. Baada ya miezi 12, makundi yote mawili yalitembea kwa kasi zaidi kuliko mwanzo, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao, ingawa ikumbukwe kuwa washiriki wengi waliacha kabla ya mwaka kuisha. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2019, yanagusa moja kwa moja mfuko wa mwananchi. Kifaa cha plastiki hakihitaji betri wala vibandiko vya kununua kila mara, na utaalamu wa kukitengeneza upo nchini. Chuo cha mafunzo ya wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi, TATCOT, kilichopo katika eneo la KCMC mjini Moshi, kimekuwa kikifundisha kazi hiyo tangu mwaka 1981, kikipokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika na kwingineko.

Kwa nini uchovu ni mgumu kupimwa

Uchovu wa MS hautoki mahali pamoja kama udhaifu wa wayo. Sehemu yake hutokana na ugonjwa wenyewe: ubongo wenye nyuzi zilizochubuka hulazimika kutumia sehemu nyingi zaidi kufanya kazi ileile. Sehemu nyingine hutokana na mambo yanayoandamana na ugonjwa, kama usingizi unaokatizwa na haja ndogo, sonona, maumivu, au dawa za kulegeza misuli zinazoleta usingizi mchana. Nyingine haina uhusiano na MS hata kidogo. Mgonjwa wa MS anaweza kuwa na upungufu wa damu, malaria au tatizo la tezi ya shingo kama mtu mwingine yeyote, na ni kosa linaloweza kugharimu kuubebesha uchovu wake wote kwenye MS bila kupima damu.

Kiungo hakika kati ya umeme na uchovu ni kile kinachopitia mguuni. Mtu anayeburuta mguu huinua nyonga na kuuzungusha mguu kwa nje ili ncha ya kiatu isikwame, na mwendo huo hula pumzi nyingi. Watafiti wa Scotland walipopima hewa ya oksijeni inayotumika, waliona kuwa wagonjwa wanaotembea polepole hupata unafuu wanapovaa kifaa. Kwa wale ambao bado wanatembea kwa kasi, zaidi ya sentimita 80 kwa sekunde, kifaa hakikuongeza kasi, na gharama ya pumzi iliongezeka badala ya kupungua. Kifaa kilekile kinaweza hivyo kumpunguzia mmoja uchovu na kumwongezea mwingine, na anayejua tofauti hiyo ni mtaalamu aliyempima.

Kuhusu kuutibu uchovu moja kwa moja kwa umeme, njia inayochunguzwa zaidi ni ya kupitisha mkondo dhaifu kichwani. Sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi hufungwa juu ya fuvu na mkondo wa miliampia 1 hadi 2 hupitishwa kwa takribani dakika 20, siku kadhaa mfululizo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, akiwamo Leigh Charvet, wamefanya hivyo hata kwa wagonjwa walio nyumbani kwao, wakiwaongoza kwa njia ya video. Baadhi ya matokeo yametia moyo. Lakini tafiti nyingi za aina hii zimekuwa na washiriki wachache, wamefuatiliwa kwa muda mfupi, na mahali pa kuweka sponji pametofautiana kati ya utafiti mmoja na mwingine.

Kuna ugumu mwingine unaohitaji kuelezwa kwa kituo, kwa kuwa ndio unaowapotosha watu wengi waaminifu. Kasi ya kutembea hupimwa kwa saa. Uchovu hupimwa kwa kumuuliza mgonjwa. Na mgonjwa aliyefungwa mashine kichwani na mtu mwenye koti jeupe, akatembelewa kila siku na kusikilizwa, mara nyingi hujisikia afadhali hata kama mashine haikuwashwa. Hadanganyi, kweli anajisikia afadhali. Mfano mzuri unatoka kwenye dawa. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 141 wa MS, ambao kwa zamu walipewa dawa tatu zinazotumiwa kupunguza uchovu, yaani amantadini, modafinili na methilifenideti, pamoja na kidonge kisicho na dawa yoyote ndani yake. Kabla ya kuanza, wastani wa alama zao za uchovu ulikuwa 51.3 kati ya 84. Walipokuwa wakimeza kidonge kitupu ulishuka hadi 40.6. Hakuna hata moja ya dawa zile tatu iliyofanya vizuri zaidi kwa kiwango cha kuaminika, na madhara madogomadogo yalikuwa mengi zaidi kwa waliomeza dawa halisi.

Kwa sababu hiyo, kifaa chochote kinachodaiwa kuondoa uchovu hakina budi kulinganishwa na kifaa kinachofanana nacho lakini kisichotoa umeme, bila mgonjwa kujua amepewa kipi. Ushuhuda wa mtu mmoja kwenye video, hata uwe wa kweli kiasi gani, hauwezi kuchukua nafasi ya ulinganisho huo.

Kinachoungwa mkono na ushahidi mpana zaidi kwa uchovu ni kitu ambacho hakuna anayepata faida kwa kukitangaza. Uchambuzi wa mtandao wa kitaalamu wa Cochrane wa mwaka 2015, uliohusisha majaribio 45 na washiriki 2,250, ulionesha kuwa mazoezi ya mwili yanaweza kupunguza uchovu wa MS, na haukuona dalili kwamba yanachochea mashambulizi mapya ya ugonjwa. Zamani wagonjwa walishauriwa kupumzika tu. Leo ushauri ni kufanya mazoezi ya kiasi, kwa mpango, na kupumzika kabla nguvu haijaisha.

Hapa joto lina nafasi yake. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza kuwa wagonjwa wa MS hupungukiwa na uwezo wa kuona mwili unapopata joto kwa mazoezi. Sababu ni kwamba uzi wa fahamu uliochubuka hupitisha ujumbe kwa shida zaidi joto linapopanda. Hali hiyo ni ya muda na mwili ukipoa hupita, lakini kwa mkazi wa Dar es Salaam au Tanga wakati wa kaskazi ni jambo la kila siku. Mazoezi ya alfajiri, kitambaa chenye maji baridi shingoni na feni iliyo karibu vinaweza kuleta tofauti ambayo mgonjwa ataihisi siku hiyohiyo.

Kifaa cha ulimini

Wapo wanaouliza kuhusu kifaa cha Marekani kinachowekwa juu ya ulimi. Jina lake ni PoNS, na mwezi Machi 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo (FDA) iliidhinisha kitumike kwa muda mfupi kwa wagonjwa wa MS wenye dalili nyepesi hadi za wastani na tatizo la kutembea, wenye umri wa miaka 22 na kuendelea, kwa agizo la daktari na sambamba na mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu. Kifaa hutuma mkondo kwenye mishipa ya ulimi kwa nia ya kuusaidia ubongo ujifunze upya kutembea. Ni vyema kusoma idhini hiyo jinsi ilivyoandikwa: inahusu mwendo, si uchovu, inaambatana na mazoezi, na mmoja wa uchunguzi uliotegemewa ulikuwa na wagonjwa 20 tu, nusu yao wakitumia kifaa kisicho na umeme.

Usalama na udhibiti

Mkondo unaotumika katika vifaa hivi ni mdogo, lakini si wa kila mtu. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, mwenye kifafa kisichodhibitiwa na mama mjamzito hawapaswi kuanza bila kibali cha daktari. Vibandiko havipaswi kuwekwa mbele ya shingo, juu ya jeraha, wala mahali penye uvimbe wa saratani. Kwa wagonjwa wa MS kuna tahadhari ya ziada: wengi wamepoteza sehemu ya hisia ya ngozi, hivyo mtu anaweza kuongeza nguvu ya mkondo akidhani haujafika, kumbe ngozi inaungua. Kabla ya matumizi, mtaalamu hupima kwanza kama ngozi ya mahali hapo inatambua mguso, joto na baridi. Vilevile mtu ambaye dalili zake zimezidi ghafla ndani ya siku chache hapaswi kuanza tiba ya umeme. Anatakiwa kumwona daktari, kwa kuwa huenda ni shambulizi jipya linalohitaji dawa.

Nchini Tanzania vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyochukua jina na jukumu hilo mwaka 2019 kutoka kwa iliyokuwa TFDA. Mwananchi ana haki ya kumuuliza muuzaji kama kifaa chake kimesajiliwa, kimetengenezwa na nani na kwa matumizi gani. Swali la mwisho ndilo lenye manufaa zaidi, kwa kuwa kifaa kinaweza kuwa halali kwa kutuliza maumivu ya mgongo na kikauzwa kana kwamba kinatibu MS. Vifaa vingi vidogo vya madukani ni vya kundi hilo la kutuliza maumivu. Havina swichi ya kisigino, havijui mguu umeinuka au umetua, na kwa hiyo haviwezi kufanya kazi iliyoelezwa hapo juu hata vikiwa vizima kabisa.

Mgonjwa anayepelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia anashauriwa kubeba majibu ya MRI, orodha ya dawa anazotumia, viatu anavyovaa kila siku, na kumbukumbu ya wiki mbili inayoonesha saa ambazo uchovu huzidi na idadi ya mara alizoanguka. Mtaalamu atakagua kama mshipa wa pembeni ni mzima, kisha atamtembeza mita 10 mara tatu huku akipima kwa saa: bila kitu, akiwa na kifaa cha plastiki, na akiwa na kifaa cha umeme kama kipo. Tarakimu hizo tatu huandikwa kwenye faili la mgonjwa, naye anaweza kuomba nakala yake kabla ya kuamua kununua chochote.